Mkalimani na Kampuni Yake

Kwao ni wapi, mama yake nani, alipewa jina gani siku ya saba, hayo waulizeni watu wa pwani, kama bado yuko anayemkumbuka. Sisi wa Kindu tulimpata akiwa tayari mtu mzima, ana kitambi, ana mwavuli uliochanika na ana homa. Msafara wa Mzungu mmoja mpita njia ulimwacha kwetu kando ya Lualaba kwa sababu hakuweza tena kutembea, na wapagazi walikataa kumbeba. Walisema ni mzito. Baada ya kuishi naye miaka mingi, ukuta kwa ukuta, nadhani kitambi hakikuwa na kosa. Wapagazi walikimbia mdomo.

Tulimwita Mkalimani, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu cha kutafsiri. Wakubwa wa wakati ule walikuwa Waungwana wa pwani, na lugha yao tuliijua vizuri kuliko walivyopenda. Wazungu walikuwa wakipita mara moja moja, wamekonda, wanauliza mto unakwenda wapi, kama vile sisi ndio tulioupeleka. Kwa hiyo Mkalimani alikaa na Kiingereza chake kama mtu aliyerithi bunduki bila baruti: anaipangusa, anaionyesha, anaiegemeza ukutani.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutusahihisha. Hukuweza kumwambia habari ya msiba akakuacha umalize.

"Muntu amekufa kwa ng'ambo," mume wangu alimwambia siku moja, anahema, ametoka kufukia maiti.

"Mtu," alisema Mkalimani. "Si muntu. Mtu amekufa."

"Basi mutu amekufa."

"Mtu!"

Mume wangu aliingia ndani akafunga mlango. Wiki nzima alikuwa akisema angalau marehemu amepumzika.

Chakula alikula peke yake. Nasema hivi mimi niliyegawana naye ukuta wa udongo wenye nyufa: alijua kupika wali kwa mawese na kambale kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, na hakuna aliyewahi kuuonja. Harufu ndiyo iliyokuwa sadaka yake kwa majirani. Ukipiga hodi wakati sufuria iko motoni, sauti ilitoka ndani, nzito, ya uchaji: "Niko kwenye swala." Alikuwa mtu wa swala nyingi sana, hasa adhuhuri, na alizimaliza akijipangusa midomo.

Sasa sikilizeni neno ambalo mtu huyu alilipenda kuliko yote aliyokuja nayo. Yeye alilitamka kámpani, akibana midomo kama anayepuliza pilipili. Sisi tulisema kampuni. Alifundishwa na mwalimu wa misheni huko pwani, mzee aliyependa kujua kila neno limetoka wapi, na ugonjwa huo ulimwambukiza. Jioni wanaume walipokaa barazani kwetu kutengeneza nyavu, aliwajia bila kualikwa, akakunja kanzu, akaanza.

Neno hili, alisema, Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, na Wafaransa wamelitoa kwa Warumi wa kale. Kipande cha mbele maana yake ni pamoja. Kipande cha nyuma ni mkate. Kampuni ni watu wanaokula mkate pamoja. Halafu neno likakua likazaa. Wageni wanaokuja nyumbani kwako, hao ni kampuni. Wafanyabiashara walioungana, kampuni. Askari wa mkubwa mmoja, kampuni. Mabaharia wa chombo kimoja, kampuni. Hata kijana anayemsindikiza msichana mtoni, anamfanyia kampuni.

"Huyo akimfanyia sana, baba ya mutoto atamuvunja muguu," alisema mmoja wa wanaume.

"Mtoto," alisema Mkalimani. "Mguu."

Mama mkwe wangu alikuwa akimenya mihogo pembeni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyeogopa mtu, na alimsikiliza Mkalimani kwa makini kuliko wanaume, maana yeye alitaka kweli kujua.

"Bwana Mukalimani," alisema, "watu wenye kula mukate pamoja, njo kampuni?"

"Ndiyo, bi mkubwa. Na si njo, ni ndiyo."

"Na weye, unakulaka na nani?"

Wanaume waliangua kicheko hadi nyavu zikawadondoka. Mkalimani alisimama, akafungua mwavuli ingawa hakukuwa na jua wala mvua, akaenda nyumbani kuswali.

Alikuwa na ujasiri wa kiasi chake. Aliogopa mto, aliogopa mitumbwi, aliogopa mbwa, na vita vilipokuja baina ya Waungwana na Wazungu wapya alijificha katika ghala letu la mpunga mpaka milio ikaisha. Alitoka na makapi kichwani, akatutangazia kwamba angeitwa kupatanisha mapema, damu isingemwagika. Kwa masikitiko yake, hao Wazungu wapya walisema Kifaransa. Alikwenda kuwasalimu kwa Kiingereza chake chote, wakampa kazi ya kuchota maji. Akarudi nyumbani akasema mgongo unamuuma.

Kisha akaja Mzungu wa kampuni.

Alipanda mto kwa mitumbwi mikubwa, na askari, na meza yake ya kukunja. Huyu alisema Kiingereza. Sijui kama mama yake alimfurahia siku aliyozaliwa kama Mkalimani alivyomfurahia siku ile. Baada ya muda mfupi jirani yetu alikuwa na koti la buluu lenye vifungo vya shaba, akipita mlangoni petu bila kutuona. Kitambi kilizidi. Mwavuli ulishonwa.

Mzungu aliita mkutano. Alikaa mezani, Mkalimani amesimama kuumeni kwake, akasema kwamba tangu siku ile msitu wote, kutoka Kindu kuelekea Kailo na mbele yake, pamoja na pembe na mpira uliomo, uko chini ya kampuni.

Wazee wakauliza: kampuni njo nini?

Mkalimani angeweza kusema ni wafanyabiashara. Angeweza kusema ni wale askari pale. Lakini umati ulikuwa mkubwa, koti lilikuwa jipya, na mtu amelibeba neno miaka yote hiyo. Akafungua mikono akasema, "Kampani ni watu wanaokula mkate pamoja!"

Basi watu wakafurahi. Ndiyo, tulifurahi, msinitazame hivyo. Mama mkwe wangu akasogea mpaka mezani, ambako mkate wa Mzungu ulikuwa umefunikwa kitambaa, akanyoosha kiganja. Askari mmoja akainua kitako cha bunduki.

"Anataka nini huyu?" Mzungu aliuliza. Tulielewa hilo bila mkalimani.

Mkalimani alimwinamia sikioni. Akatafsiri kwamba mama huyu anaingia katika kampuni. Mzungu alicheka mpaka akakohoa, akakata kipande cha gamba la mkate, akampa. Mama mkwe wangu alikimega vipande vidogo vidogo akawagawia wazee, kila mmoja punje yake, nao wakatafuna kwa heshima. Kilikuwa kigumu na kina ukungu. Ndiyo faida yote tuliyowahi kuipata.

Baada ya hapo ukaja mpira wenyewe. Wanaume walipelekwa msituni kugema utomvu, wakarudi na vikapu, vikapu vikaonekana vidogo, wakarudishwa. Waliochelewa walipigwa kiboko. Mkalimani alisimama kuumeni, koti limefungwa vifungo vyote, akatafsiri kila kitu, kilio na tusi na amri. Hakupunguza neno wala hakuongeza. Kwa hilo alijivuna! Jirani mmoja alimwomba amwambie Mzungu kwamba mwanawe ni mgonjwa sana, ingawa alikuwa mgonjwa kidogo tu. Mkalimani akakataa. "Mkalimani mzuri hakosei," alisema. "Nikianza kuongeza sana, kesho nitaambiwa niongeze nini tena?"

Wanaume walipoanza kutoroka, Mzungu alipata dawa. Alitufunga sisi wanawake wao katika nyumba ndefu ya miti kando ya mto, tukae humo mpaka waume zetu walete mpira wa kutosha. Amri hiyo pia niliisikia kwa Kiswahili safi cha pwani, kila herufi mahali pake. Nilikuwa na mwanangu mgongoni. Mama mkwe wangu aliingia mbele yangu akiwa bado ameshika mwiko wa kusongea ugali.

Humo ndani sitawapeleka. Tulikula walichokumbuka kutupa walinzi, na walinzi hawakuwa na kumbukumbu nzuri. Mama mkwe wangu alimpa mwanangu sehemu yake, kila mara akisema hana njaa, ameshiba tangu utoto. Kisha akaanza kuharisha, na asubuhi moja nilimgusa bega kumwamsha, kumbe alikuwa baridi.

Walimtoa nje wakamlaza kwenye majani. Kupitia nafasi za miti niliona Mkalimani akija na mwavuli wake. Alisimama kando ya ile maiti. Mkuu wa walinzi, mtu wa mbali mwenye makovu usoni, alimwambia, "Muntu moja amekufa."

Nilingoja asahihishe. Hakusahihisha. Aliuinamisha mwavuli kumkinga yule mama jua, akasimama hivyo mpaka walipokuja kumchukua.

Siku chache baadaye Mzungu aliondoka kwa mtumbwi kwenda kukutana na askari wengine waliokuwa wakishuka mto kutoka juu. Akiwa tayari majini alimpigia Mkalimani kelele, amri ndefu, na ndani yake sote tulilisikia lile neno, kámpani, wazi kabisa. Mitumbwi ikapotea kwenye kona. Mkalimani alipanda kutoka gatini polepole, akamwendea mkuu wa walinzi.

"Amesema kampani inakuja," alisema. "Wageni. Wageni wakubwa, na wengi. Watoe wanawake wakachimbe mihogo, wachote maji, wapike."

Mkuu wa walinzi alikunja uso. "Kampuni? Si njo askari?"

Ningependa mngemwona jirani yetu. Alivimba ndani ya koti mpaka nikahofia vifungo. "Wewe? Wewe unanifundisha mimi Kiingereza? Kampani ni wageni! Wageni wanaokula! Watakula nini, mawe? Akirudi na hao mabwana akakuta vyungu vikavu, nitamwambia nani aliyekataa?"

"Pole, bwana. Sikujua."

"Bila shaka hukujua."

Mlango ukafunguliwa. Mashamba ya mihogo yalikuwa ng'ambo ya pili, na wavuvi waliitwa na mitumbwi yao. Walinzi walitaka kuvuka pamoja nasi. Mkalimani akawauliza kwa ukali nani basi atafagia uwanja, nani atajenga kibanda cha wageni, wao wanadhani wageni watalala wapi? Wakabaki wawili watatu wa kutusindikiza, nao akawapa kazi ya kukata majani ya kuezekea, hapo hapo, chini ya macho yake.

Mimi nilikuwa katika mtumbwi wa mwisho. Alikuja mpaka ukingoni, yeye aliyeogopa maji, viatu vikazama kwenye tope.

"Mama," aliniambia, "msirudi." Mlinzi mmoja aligeuka. "Msirudi na mihogo michache."

Hatukurudi na mihogo michache. Vikapu tuliviacha shambani, tukaingia msituni, na tulipowapata waume zetu tulitembea mpaka miguu ikakataa. Yeye alibaki. Pengine mto. Pengine kitambi. Watu husema mengi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mvuvi aliyetuvusha, ambaye aliyaona kwa macho yake akiwa amejilaza ndani ya mtumbwi wake kama samaki aliyekufa. Mzungu alirudi na kampuni nzima ya askari. Akakuta uwanja umefagiliwa vizuri sana, kibanda kipya kimeezekwa, na hakuna mwanamke hata mmoja. Mkalimani alianza, mnaweza kukisia, na Warumi wa kale. Alisema neno lina maana ya wageni pia, bwana mwenyewe anajua. Mzungu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo moja tu, na Mkalimani, kwa mazoea, akalitafsiri kwa sauti ili walinzi wasikie: ama umefanya kusudi, na mti wa kukunyongea uko pale, ama hujui Kiingereza. Chagua.

Mvuvi alisema Mkalimani alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyowahi kumwona akikaa kimya. Hilo naliamini. Mtu huyu alikuwa na kitu kimoja duniani. Hakuwa na mke, hakuwa na shamba, wali wake haukuwa na shahidi. Alikuwa na Kiingereza.

"Sijui Kiingereza," alisema.

Wakamtaka aseme mbele ya mji wote, kwa nguvu. Akasema. Tangu zamani, akasema, nilikuwa nikidanganya, maneno mengi sikuyajua. Watu walicheka. Watu waliokuwa na dada zao na mama zao katika ile nyumba ya miti, na ambao sasa walijua wako salama, walicheka mpaka machozi. Kisha akapigwa kiboko hata hivyo, akapigwa mpaka nyonga ikaharibika, akavuliwa koti, akafukuzwa.

Habari ikatufikia msituni, nasi tukaipokea kwa akili zetu zote. "Kumbe hakujua kitu!" alisema mume wangu. "Mupumbavu ametuokoa!" Nikamjibu kwamba nilimwona yule mpumbavu na mwavuli. Mume wangu akasema njaa hutuonyesha mengi. Ni mtu mwema, mume wangu, lakini alikuwa bado na kinyongo cha ule msiba wa ng'ambo.

Ilipita miaka. Tulijenga upya katika kijiji kidogo upande wa Kailo, tukalima mpunga, tukafuga mbuzi. Mvua moja ilipoisha alitokea njiani mtu mwembamba, anachechemea, fimbo mkononi. Nilimjua kwa jinsi alivyowatazama mbwa. Wanakijiji walimpa kibanda na jina: Mukalimani Asiyejua. Vijana walimwomba awaambie kidogo Kiingereza, naye akawatolea sauti za ajabu ajabu, brr, shwi, wakagaagaa chini kwa kicheko. Hakumsahihisha mtu yeyote. Watu walisema muntu, mutu, mubuzi, akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko nyonga yake.

Siku moja alikuwa uani kwangu, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anafukuza kuku kwenye mpunga nilioanika. Wakatokea Wazungu wawili na wapagazi wao. Mfasiri wao alikuwa amebaki nyuma na miguu mibovu. Walitaka maji, wakayaonyesha kwa mikono, nikawapa. Mmoja akamgeukia Mkalimani akamwuliza kitu kwa Kiingereza.

Mkalimani aliacha mdomo wazi. Alilegeza uso wote, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Hapana jua, bwana," alisema.

Wakacheka, wakaendelea kuzungumza wao kwa wao, palepale mbele yetu, kama watu wanavyozungumza mbele ya mbuzi. Walitazama zizi langu. Walimtazama mume wangu, aliyekuwa akipasua kuni bila shati. Kisha wakarudisha kibuyu, wakashika njia.

Mkalimani alingoja mpaka mpagazi wa mwisho apotee kwenye kona.

"Mama," alisema, bila kunitazama. "Wamepiga kambi pale kijitoni. Kesho alfajiri watarudi na askari. Mbuzi wote. Na wanaume wa kubeba mizigo. Yule mrefu amemchagua mumeo, kwa sababu ya mabega. Hakusema vizuri, Kiingereza chake ni cha hovyo kabisa, lakini ndivyo alivyokusudia."

Ungo ulinitoka mkononi.

"Kumbe unajuaka."

"Sema polepole."

"Na siku ile? Ya wageni? Ulifanya kusudi?"

Aliokota punje ya mpunga kwenye goti lake, akaitafuna. "Mkalimani mzuri hakosei, mama," alisema. "Sasa nenda kamwambie kila mtu. Na huyo mumeo mwambie aache shoka, linasikika mpaka Punia."

Kabla ya giza kijiji kizima kilikuwa msituni, watu na mbuzi na vyungu, na mume wangu akiswaga mbuzi wote mbele yake. Mimi nilirudi kumchukua Mkalimani. Alikataa. Nyonga haikuwa ya msitu, alisema, na tena lazima apatikane mtu wa kuwapokea, si adabu wageni kukuta nyumba haina mwenyewe. Aliniomba nimwachie wali. Nilimwachia sufuria. Nilipokuwa nainuka alisogea kwenye mkeka, akagusa nafasi iliyobaki, akasema, "Kaa kidogo, kula kwanza." Nilikaa. Tulikula haraka, mikono ikigongana, kisha nikakimbia.

Alfajiri walikuja. Mashina ya migomba yanaficha mtu vizuri, na nilikuwa nimerudi mpaka ukingo wa shamba, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Walikuta majivu baridi na zizi tupu, na mzee kilema juu ya kinu. Wakamwuliza kwa Kiingereza watu wako wapi. Wakamwuliza kwa Kifaransa. Mfasiri wao, mwenye miguu mibovu, akamwuliza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya watu wa msituni, na askari mmoja akamwinamia akamwuliza tena, kwa sauti kubwa, sikioni.

Hakujua hata lugha moja.